Mbuzi wa Hereni ya Buluu

Msabah Shaame alitengeneza saa kwa miaka thelathini na nne, katika kiduka cha Mkunazini, mjini Unguja, kisichozidi upana wa kabati. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu zao kazi ilipungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja akafunga mlango na hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini. Mwaka uliofuata mkewe, Bi Amne, akafariki. Binti yao wa pekee, Yusra, alikuwa ameolewa Maskati. Nyumba ya Kikwajuni ikamshinda. Aliingia chumba hiki akatoka, akaingia chengine akatoka, na mote mlikuwa kimya.

Akahamia Dole, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake: minazi, mifenesi minne na nyumba ya bati. Yusra akamnunulia mbuzi wanne. "Upate wa kukungojea, baba," alimwambia kwenye simu. Baada ya miaka miwili walifika tisa.

Watu wa Dole hawakuwa wabaya. Walimsalimia njiani na kumpisha safu ya mbele msikitini. Lakini wao walikua pamoja, na mazungumzo yao yalikuwa ya watu asiowajua na visa asivyokuwapo. Wakicheka, yeye hutabasamu tu, kisha hushika njia yake. Kuna siku ambazo sauti aliyoisikia zaidi ilikuwa yake mwenyewe, akiwaita mbuzi kwa majina.

Ndipo alipokuja Daktari Ulfat. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyevaa mabuti ya mpira chini ya baibui. Alikuwa akitafuta wafugaji kumi na wanne wa kushirikiana naye katika utafiti wa minyoo ya mbuzi. Minyoo hiyo hunyonya damu, alieleza, na mbuzi huweza kufa huku mwenyewe akidhani amenenepa. Wafugaji wengi huwapa mbuzi wote dawa kila mara, na minyoo imeanza kuizoea.

Aliwavisha mbuzi wa Mzee Msabah hereni masikioni. Watano wakapata za manjano, hao wa kupewa dawa kila mwezi. Wanne wakapata za buluu.

"Hawa wa buluu usiwape dawa, mzee wangu," alisema. "Watazame ukope kila wiki uandike. Ukiona umekuwa mweupe, nipigie. Nitakuja mwenyewe nichukue kinyesi na damu kwanza, ndipo nimpe dawa. Ukimpa kabla, hatutajua tena kilichomo mwilini mwake."

Akamfundisha kuuvuta ukope wa chini na kuulinganisha na kadi yenye rangi tano: nambari moja nyekundu kama nyama mbichi, nambari tano nyeupe kama karatasi. Mzee Msabah alijaribu mara moja tu.

"Huyu yuko kati ya mbili na tatu," alisema. "Ila jicho la kulia limepauka zaidi kuliko la kushoto."

Ulfat akatazama, akatazama tena. "Umejifunza wapi, mzee?"

"Mie fundi saa. Nimekula kwa kutazama vitu vidogo."

Tangu hapo alikuja kila Alhamisi ya pili. Siku hiyo Mzee Msabah alinyoa ndevu, akafagia uwanja, akapika chai ya tangawizi na kuiweka kwenye chupa. Ulfat alipima mbuzi kwa mizani, akasoma daftari la mzee, kisha akakaa barazani robo saa. Mzee Msabah alizungumza mpaka akajionea haya. Alimweleza habari za saa za ukutani na za Bi Amne aliyekuwa hapendi kelele za mishale. Ulfat alisikiliza. Gari lilipoondoka, uwanja ulionekana mkubwa kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Majani yaliota mpaka dirishani, na kwenye majani mabichi ndiko minyoo huzaliana. Jumatatu moja Mzee Msabah alimkuta Shuwari, jike mpole kuliko wote, mwenye hereni ya buluu, amelala pembeni mwa banda hataki jani la mfenesi. Chini ya taya palikuwa na uvimbe laini kama kifuko cha maji. Akauvuta ukope. Hakuhitaji kadi.

Akampigia Ulfat. Simu haikupatikana. Akapiga tena adhuhuri, akapiga alasiri. Ulfat alikuwa amekwenda bara kwenye mkutano, na Mzee Msabah hakulijua hilo. Kufikia magharibi Shuwari alikuwa hawezi tena kuinua kichwa, na pumzi zake zilikuwa fupi. Chupa ya dawa ya wale wa manjano ilikuwa rafuni. Mzee Msabah alisimama nayo mkononi muda mrefu. Kisha akaivuta dawa kwenye bomba lisilo na sindano, akamfungua mbuzi kinywa, akampa.

Hakuandika kuwa amempa dawa. Kwenye mstari wa Shuwari, badala ya tano, aliandika tatu.

Baada ya siku nne mbuzi alisimama. Alhamisi ya wiki iliyofuata Ulfat alipofika, uvimbe ulikuwa umekwisha na ukope umeanza kurudi rangi.

"Masika yote haya na hakupata hata tone la dawa!" alisema huku akifunua kurasa. "Majirani wenye mbuzi kama hawa wamezika watatu, wanne. Mzee Msabah, huyu pengine ana damu inayowashinda minyoo. Ndiye tunayemtafuta."

Mzee Msabah alifungua kinywa kusema. Ulfat alikuwa amechangamka mno, tena alikuwa amekaa bila ya kutazama saa, na alikuwa akimimina chai ya pili. Kinywa kikajifunga.

Kuanzia hapo wageni wakaongezeka. Walikuja wanafunzi sita na madaftari yao, wakajipanga kumvuta Shuwari ukope, na Mzee Msabah akawasahihisha mmoja mmoja. Alikuja mwalimu mwengine na mashine ya kupigia picha. Watu wa Dole wakaanza kumuuliza njiani, "Mzee, leo unao wageni?" Kwa miezi miwili hakupata wiki iliyopita bila ya mtu kukaa barazani pake. Alifurahi. Lakini akibaki peke yake na Shuwari hakuweza kumtazama.

Siku moja Ulfat alikuja na karatasi kubwa iliyokunjwa. Aliikunjua barazani: picha ya Shuwari, na chini yake maneno ya utafiti. Wiki ijayo kungekuwa na semina ya wafugaji mjini. Mtoto wa kwanza wa Shuwari angechukuliwa kwenye kituo cha utafiti cha Kizimbani kuanzisha mbegu, na wafugaji wangeambiwa watafute mbuzi wa ukoo wake.

"Na wewe utasimama useme ulivyomtunza," alisema Ulfat.

"Siwezi," alisema Mzee Msabah.

"Usiogope watu, baba. Maneno mawili tu."

"Si watu nnaowaogopa." Aliivua miwani akaishika. "Mbuzi yule nlimpa dawa. Jumatatu ile ya masika. Nlikupigia mara tatu hupatikani, naye anakufa. Nkampa, nkaandika uongo."

Ulfat aliikunja ile karatasi polepole, mara mbili, mara nne. Kisha akatoa kalamu.

"Tarehe?"

Akamtajia.

"Kiasi gani?"

Akamtajia.

Aliandika yote. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa sauti haikutetemeka. "Kumpa dawa si kosa kubwa, baba. Hata mie ningempa. Ungelinambia siku ile ile ningeandika, yakaisha. Miezi miwili! Kwa nini ulinyamaza?"

Mzee Msabah alitazama sakafu. "Nlidhani hutakuja tena."

Bandani mbuzi mmoja alikohoa.

"Nnalazimika kuwatoa mbuzi wako wote kwenye hesabu," alisema Ulfat hatimaye. "Daftari likishatiwa uongo mahali pamoja, siwezi kuliamini pengine. Na chuo hakinipi gari la kwenda kwa mfugaji asiyekuwamo. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu."

"Afadhali umesema kabla ya semina. Watu wangenunua mbuzi kwa maneno yangu." Alisimama, akasita mlangoni. "Shikamoo, mzee," alisema, kama anayefika, si anayeondoka.

"Marahaba."

Hakuja tena Alhamisi iliyofuata wala nyengine. Wanafunzi hawakuja. Njiani watu waliuliza mara moja, mara mbili, kisha wakaacha. Alimpigia Yusra akamweleza kisa chote, na Yusra akasema, "Baba, si urudi mjini?" Akamwambia atafikiri, na wote wawili walijua hatorudi. Shuwari alizaa jike wa kahawia. Mzee Msabah alimpigia Ulfat kumpa habari. Ulfat alipokea, akamuuliza uzito, akampa hongera kwa upole, akasema yumo darasani.

Vuli ilipoanza, mwanamke wa jirani aitwaye Bi Bashira alifika akiburura mbuzi kwa kamba. Walikuwa wakisalimiana tu miaka yote.

"Nlimpigia yule daktari wa chuo," alisema. "Kanambia nisihangaike kwenda mbali. Kasema Dole pana mzee mwenye jicho kuliko wanafunzi wake."

Mzee Msabah aliinama akauvuta ukope, akautazama kwa kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

"Nambari nne," alisema. "Mpeleke Kizimbani leo, wakupe dawa. Wewe umpe, na uandike tarehe."

"Ahsante, mzee wangu." Bi Bashira akageuza kamba.

"Utakuja tena?"

"Akipona, nije kufanya nini?"

"Uje unambie kapona."

Alicheka, akenda zake. Baada ya wiki mbili alikuja. Hakuingia, alisimama kwenye ukingo wa shamba, beseni la nguo kichwani, akapaza sauti, "Mzee Msabah! Kapona!"

"Naam!" aliitika Mzee Msabah, akatoka upesi barazani. Lakini alipofika uwanjani Bi Bashira alikuwa amekwishapita minazi.