Siku Mke Wangu Alipoikemea Friji

Mke wangu aliwahi kuikemea friji kwa jina la Yesu, na friji ikamjibu.

Haya, cheka kwanza umalize. Nakusubiri.

Umemaliza? Sasa nisikilize vizuri, maana nilikuwepo jikoni pale, na siku hiyo ningekuwa na mbawa ningepitia dirishani.

Mimi ni kinyozi. Mke wangu ni msimamizi wa jiko la shule ya bweni. Ana wapishi chini yake, ana masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani, na ana sauti inayowatosha wote hao. Kanisani ni kiongozi wa kikundi cha maombi, na huko wamempa jina la Kamanda.

Kamanda anakemea. Anakemea homa, anakemea mvua siku ya kuanika nguo, anakemea na mashine yangu ya kunyolea ikianza kung'ata wateja. Sikatai, mara nyingine inatengemaa. Sisi ni waumini, na jina la Yesu nyumbani kwetu si la mzaha.

Shida ilikuwa mdogo wake wa kike.

Nyumba tunayoishi pamoja naye aliijenga baba yao. Alipofariki, shemeji yangu, huyo mdogo mtu, ndiye aliyesimama kusoma wasifu wa marehemu, kwa sababu ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Akasoma, akasoma. Jua linawaka, watu wanajipepea. Mke wangu akaona mambo yanachelewa, akaenda mbele ya umati wote akamnyang'anya kipaza sauti.

"Imetosha. Mimi ndiye mkubwa, nafunga."

Msiba ulipoisha shemeji alimwita seremala, jiko likakatwa katikati kwa plaiwudi. Wao mlango wao, sisi mlango wetu. Tangu hapo ndugu hawa wawili wanasikiana wakikohoa, lakini salamu hakuna. Mimi nikawa posta.

Sasa mama yao, mama mkwe wangu, anaishi mji mwingine. Akaota uvimbe shingoni, na madaktari wa huku kwetu wakampangia upasuaji Jumatatu. Kabla ya safari akanitumia ujumbe kwenye simu.

"Mkwe wangu, Jumamosi nakuja, nitafikia kwa mdogo. Kabla sijaingia hospitali nataka kula meza moja na wanangu wote wawili. Nisipoamka, niwe nimewaona pamoja. Wakikataa, sipasuliwi, narudi kwangu na shingo yangu."

Mama huyo hatishii. Akisema narudi, anarudi.

Nikampelekea Kamanda ujumbe. Akausoma, akanirudishia simu.

"Mdogo aje aniombe radhi. Akishaniomba, nitakaa meza yoyote anayotaka mama."

"Mke wangu, wewe ndiye uliyemnyang'anya kipaza."

"Mimi ni mkubwa wake. Mkubwa haanzi."

"Basi hata mpigie mama umpe pole."

"Nikimpigia ataniletea habari za huyo huyo."

Ni kweli. Kwa ajili hiyo hawakuwa wamezungumza kwenye simu siku nyingi sana. Nikaenda zangu kunyoa watu. Ila roho iliniuma, maana mama ni mama.

Jumamosi ikafika. Tulijua basi la mama mkwe linaingia jioni. Mchana nikarudi kula, nikamkuta Kamanda yuko jikoni na Spika.

Spika ni mwenzake wa kikundi cha maombi. Wanamwita hivyo kwa sababu hahitaji mitambo, akisema amina mtaa wa pili wanaitikia.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Friji," akasema Kamanda. "Inanguruma peke yake, inatetemeka, na maziwa yameharibika tena. Hii si hali ya kawaida."

"Labda ni ya kumwita fundi."

Spika akanitazama kwa huruma.

Friji yetu imeegemea ile plaiwudi. Wakasimama mbele yake kama polisi wanaokamata mtu. Na hapa lazima nikueleze kanuni moja ya Kamanda: akikemea, hamtaji pepo kwa jina. Anasema ukimtaja unampa kichwa. Anamwita "wewe" tu, basi.

Akanyoosha mkono.

"Wewe! Wewe uliyejificha hapo nyuma! Nyumba hii si yako! Toka, urudi ulikotoka!"

Friji ikatetemeka kidogo.

"Nimesema rudi ulikotoka!"

Hapo ndipo tuliposikia. Sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu anayevuta gunia sakafuni.

"Sirudi. Nimefika sasa hivi."

Jamani!

Nywele zilinisimama, na mimi kichwani sina nywele.

Spika akashika kifua. "Kamanda, kinaongea."

"Nasikia. Usionyeshe woga." Akasogea hatua moja mbele, huyu mwanamke, nakuapia. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu na mzigo wangu. Hata maji sijanywa."

"Ana kiu!" Spika akanong'ona, na kunong'ona kwa Spika ni kelele za mtu mwingine. "Wakiwa na kiu ndio wabaya!"

Mimi nilishageukia mlangoni zamani. Kilichonizuia ni kwamba Kamanda alikuwa amenishika mkanda wa suruali kwa mkono wa kushoto.

"Hakuna maji kwako hapa!" akanguruma. "Hapa huna chako! Kwa jina la Yesu nakuamuru utoke!"

Sauti ikaja polepole, bila hasira hata chembe.

"Yesu nimeanza kumtii wewe hujazaliwa. Wewe nitakutii kwa lipi?"

Spika hakuaga. Tulisikia tu mlango, halafu lango, halafu mbwa wa jirani. Kiatu chake kimoja kilibaki kizingitini.

Kamanda akabaki amesimama, mkono bado juu. Tangu aanze kazi ya kukemea, hakuna aliyewahi kumuuliza swali.

Na nyuma ya friji tukasikia kitu cha ajabu kuliko vyote. Kilio. Kilio cha chinichini, cha mtu asiyetaka kusikika.

"Pepo analia?" nikauliza.

"Sijui," akasema mke wangu. Mara ya kwanza tangu nimuoe nasikia hilo neno kinywani mwake.

Haikupita muda mlango ukagongwa. Nikafungua, nikakutana uso kwa uso na shemeji. Shemeji mwenyewe, kwenye mlango wetu, na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amelowa nusu kwa haraka aliyokuja nayo.

"Shemeji, mwambie mkeo mama anafunga mzigo."

"Mama gani? Si anaingia jioni?"

"Alipata gari la asubuhi. Nimemwacha jikoni anapumzika, nikatoka kuchota maji tu. Narudi namkuta analia, anasema dada amemfukuza. Amemwambia arudi alikotoka, hapa hana chake, na maji hapewi. Shemeji, mama anarudi nyumbani! Upasuaji hataki tena!"

Nikageuka kumtazama mke wangu. Mkono ulikuwa umeshuka.

"Ile sauti..." akasema. "Ile ni ya mama?"

Shemeji akamjibu moja kwa moja, bila kupitia posta.

"Ni uvimbe, dada. Umemkaba sauti. Ungekuwa unampigia simu ungeijua."

Sikuwahi kumwona Kamanda akipigwa na neno. Siku hiyo lilimpiga. Alikaa juu ya kiti cha jikoni, na mimi nilimwonea huruma. Fikiria wewe: umesimama futi chache kutoka kwa mama yako, umemkemea kama shetani, na sauti yake hukuitambua.

Halafu akainuka. Hakuchukua hata kanga ya kujifunika. Akatoka mlango wetu, akazunguka nyumba, akaingia mlango wa mdogo wake, ambao alikuwa ameapa hataukanyaga. Tukamfuata.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, begi limefungwa, kitambaa shingoni. Amekonda.

"Mama," akasema Kamanda, "sikukukemea wewe. Nilikuwa nakemea friji."

Mama akamtazama.

"Friji ilifanya nini?"

"Iliharibu maziwa."

Kwanza yalikuja mabega. Yakaanza kucheza. Halafu yule mama akacheka, akacheka kwa ile sauti ya gunia mpaka akakohoa, mpaka shemeji akamkimbilia na kikombe cha maji. Nikacheka na mimi, nani angejizuia? Nikajua tumepona.

Kumbe bado.

Mama akafuta machozi, akamwita mkubwa akae karibu yake.

"Mwanangu, hilo jina ulilolitaja. Lina mamlaka?"

"Lina, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Lina mamlaka juu ya friji?"

"Juu ya kila kitu."

"Juu ya uvimbe wangu?"

"Na huo pia."

"Na juu yako wewe je?"

Kamanda akaanza kukunja ncha ya shuka.

"Maana nakusikia unaamuru kwa jina lake," mama akaendelea taratibu, anatafuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Homa unaiamuru, mvua unaiamuru, leo umeniamuru na mimi. Yeye mwenyewe ana jambo anakuamuru, lakini unamwambia asubiri, wewe ni mkubwa. Mezani kwake siku ile, mkubwa alikuwa nani? Na aliyeinama kuosha miguu alikuwa nani?"

Hata mimi niliangalia miguu yangu.

Mke wangu alilia. Sikutegemea. Akamgeukia mdogo wake aliyekuwa bado ameshika kikombe.

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Siku ile ya baba nilikunyang'anya kipaza mbele za watu. Wewe ndiye uliyemuuguza, mimi nikakunyamazisha. Nimekosa. Nisamehe."

Shemeji akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka.

"Ulinikata vibaya, dada. Ilikuwa imebaki sehemu yako."

"Sehemu yangu ipi?"

"Ya kukushukuru. Nilitaka watu wote wasikie kwamba nilipokuwa mdogo wewe ndiye uliyeacha shule ili mimi nisome. Baba alinisisitizia niseme. Alisema, 'Usimsahau dada yako, mtaje mwisho ili watu waondoke naye.' Nilikuwa nafungua mdomo kusema jina lako, nikaona mkono wako."

Uwii!

Sasa hapo hata mimi kinyozi, mtu mzima, nilitoka nje kuangalia hali ya hewa.

Niliporudi walikuwa wameshikana wote watatu, huwezi kujua mkono huu ni wa nani. Jioni ile tulikula meza moja. Mama aliongoza sala ya chakula kwa sauti yake ya kukwaruza, na amina ya Kamanda ilikuwa ya kawaida, ya binadamu.

Jumatatu mama akapasuliwa, salama kabisa. Daktari alimkataza kuongea kwa muda, basi akawa anatuamuru kwa vidole, na binti zake wanagombania nani ameelewa vizuri zaidi. Spika naye Jumapili alikuwa ameshatoa ushuhuda kanisani kwamba kuna aliyekimbia jikoni kwetu. Hakusema ni nani.

Mke wangu bado anaomba, na akisimama kuomba watu bado wanapona, usije ukanielewa vibaya. Lakini siku hizi kabla hajanyoosha mkono anakaa kimya kidogo. Nilimuuliza anafanya nini, akasema, "Nauliza kwanza kama kuna amri niliyopewa mimi ambayo sijaitekeleza."

Ndugu yangu, watu wakiniuliza kama jina la Yesu lina mamlaka, siwatajii mapepo wala miujiza ya mbali. Nawaambia nimeona kwa macho yangu mchana kweupe: jina hilo lilimfanya mke wangu aseme "nisamehe." Anayemfahamu Kamanda haniulizi ushahidi mwingine. Mamlaka ya Yesu yanaanzia kwetu sisi tunaoyatangaza, na tukishayakubali ndipo tuyapeleke kwingine.

Sasa na wewe unayesoma, kuna mtu umemkumbuka hapo katikati ya simulizi, na umejifanya hujamkumbuka. Simu si unayo mkononi? Mpigie.