Masikio ya Mitsuyo

Nezu Shizuo alikuwa mhandisi mwenzangu pale Fukushima, kwenye kiwanda cha mashine za kupigia CD, miaka ile CD zilipokuwa mali ya wenye nacho. Yeye alisanifu sehemu inayozungusha diski juu ya jicho la leza. Adui yake alikuwa mtetemo. Aliweka mashine juu ya kitako cha shaba kizito, akaitenga mbali transfoma inayovuma, akakaza kila kitu.

Kila alichounda kilisikilizwa kwanza na Mitsuyo. Huyu dada kazi yake ilikuwa moja: kukaa kwenye chumba cha kusikilizia na kusema ukweli.

"Umeiua," alimwambia siku moja. "Fidla inalia kama iko kaburini."

"Vipimo vyote viko sawa, Mitsuyo."

"Basi kaoe vipimo."

Tulicheka. Shizuo akachukua bisibisi, akalegeza skrubu za kifuniko kidogo, wakasikiliza tena. Mitsuyo akafumba macho, akatabasamu. Hapo ndipo nilipojua Shizuo ameshakwisha kwa mapenzi. Lakini hakumwambia.

Kisha baba yake Mitsuyo akapooza, naye akarudi kwao Akita kusimamia kiwanda cha familia cha pombe ya mchele. Tulimuaga kwenye stesheni. Shizuo alimwinamia kama anavyoinamiwa mgeni wa bosi.

Mashine ilipokamilika ilisifiwa kila mahali, lakini Shizuo alidhoofu. Akishabadilisha kitu, aligeukia kile kiti cha Mitsuyo kwenye chumba cha kusikilizia, akakikuta kitupu. Februari akabeba mashine moja kwa treni, kilo ishirini na ushei, mpaka Akita kwenye theluji.

Mitsuyo alimpokea na sufuria ya mchuzi wa kuku wenye vipande vya wali wa kubanika. Wakala, wakaiwasha mashine kando ya mapipa ya pombe. Diski ilipokwisha, Shizuo akajikaza.

"Rudi, Mitsuyo. Bila wewe sisikii kitu."

"Masikio yangu unayataka, hilo nalijua," alisema Mitsuyo, taratibu. "Miaka yote ile, uliwahi kuniuliza mimi mwenyewe napenda nini?"

Shizuo akainamia mashine, akaitoa diski.

"Theluji ikiyeyuka, njoo uniulize," Mitsuyo akamwambia. "Lakini usichelewe, bwana. Huku kuna watu wanaobisha hodi."

Shizuo alirudi amechangamka mpaka anapiga mluzi. Aprili ikafika, na maonyesho ya vyombo vya muziki ya Tokyo nayo yakafika. Nilimwambia, "Nenda, ndugu yangu, mimi nitasimama na mashine." Akasema kuna mlio mdogo kwenye trei ya diski, aumalize kwanza. Alipokwenda ilikuwa Juni. Mitsuyo alikuwa ameshakubali posa ya mwalimu wa pale mjini kwao.

"Ulimuuliza lakini?" nilimdadisi aliporudi.

"Nilimuuliza. Anapenda mvua ikipiga bati. Anasema pale kiwandani aliikosa sana, kwa sababu chumba changu kilizuia kila sauti ya nje."

Shizuo hakuoa. Alisanifu mashine nyingine tatu, zote nzuri. Nyumba aliyojenga baada ya kustaafu ina paa la bati, na mvua ikianza huzima muziki, akakaa kibarazani mpaka ikatike. Nimeshakaa naye pale mara nyingi. Huwa tunaisikiliza mvua.