Nyuzi Tano za Kobe Gaspard

Nakumbuka asubuhi ile ya Desemba, mwanangu, Madame Odette aliponishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko Uccle, mtaa mmoja wa Brussels, akanionyesha sanduku la mbao lililojaa udongo na majani makavu. Ndani yake alikuwa amelala Gaspard usingizi wake wa miezi ya baridi, kobe mdogo wa wale ambao wakiogopa hujifungia kabisa ndani ya gamba. Alikuwa wa marehemu mumewe. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bujumbura mwaka uliotangulia, na kazi yangu ilikuwa kumhudumia yule bibi. Kesho yake alikuwa anaingia hospitali kupasuliwa nyonga.

"Soma kipimajoto cha sanduku kila asubuhi, uandike daftarini," aliniambia. "Kati ya nyuzi nne na saba yuko salama. Zikikaribia sifuri, ataganda. Zikizidi kumi, ataamka kabla ya wakati wake, hana chakula, na mwili wake utajila wenyewe."

Niliitikia, lakini moyoni sikuamini. Baridi ya Brussels ilikuwa ikinitesa. Kwangu, mtaa wa Anderlecht, nililala na koti. Siku ya nne nilimgusa Gaspard, nikamkuta baridi kama jiwe la mtoni. Nikamwonea huruma. Nikalivuta sanduku hadi kando ya mtambo wa kupasha nyumba joto, nikafunga mlango nikijiona mtu mwema. Kuanzia hapo sikushuka tena. Kila asubuhi, nikishafungua mapazia, niliandika tano. Kesho yake tano. Tena tano.

Hospitali na mazoezi ya kutembea yalimchukua Madame wiki saba. Aliporudi kwa magongo, alitaka kumwona Gaspard kabla hata ya kuvua koti. Nikalipandisha sanduku. Kipimajoto kilisoma kumi na sita. Kobe alikuwa amejifukua, macho yamedidimia, miguu imelegea. Ubao wa pembeni alikuwa ameukwaruza mpaka kucha zimelika. Yaani alikuwa macho siku nyingi, mwanangu, gizani, bila tone la maji, na mimi juu napika chai.

Daktari wa wanyama alihangaika naye siku mbili. Hakupona.

Madame alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye zile tano zangu zote. "Ulimhamisha kwa huruma," alisema. "Hilo naweza kulielewa. Lakini hizi?"

Akalifunga daftari.

"Ungenipigia simu ukaniuliza. Nilikuwa kitandani tu, nasubiri mtu aniulize kitu."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Nilimhudumia hadi alipofariki miaka miwili baadaye, na hakunikabidhi tena chochote cha kutunza. Hata maua alimwomba jirani. Kila nilipomwomba msamaha alisema, "Bon, sawa, yamepita," akageukia dirisha. Kwangu hayajapita, na nimeacha kungoja yapite.

Basi wewe unayeanza kazi ya kutunza wazee wa watu na vitu vyao, nisikilize. Ukiambiwa nyuzi tano, ni tano, hata kama mwili wako unalilia joto. Usimpimie kiumbe mwingine baridi kwa ngozi yako, uliza wanaomjua. Na ukikosea, sema siku ile ile, wakati bado kuna cha kuokoa. Mungu akujalie macho ya kuangalia ulichokabidhiwa na ulimi mwepesi wa kukiri, na akuepushe, mwanangu, na majuto yasiyo na wa kuyapokea.