Glasi ya Maji Kiti cha Nyuma

Kazi ya Mwalimu katika duka lile la magari ya umeme ilikuwa kukaa kiti cha abiria na kutabasamu. Jina la Mwalimu alikuja nalo kutoka shule ya udereva, alikofundisha watu kuendesha hadi sauti ikamkauka. Meneja alimchukua kwa sababu hiyo hiyo: mwanamke aliyezoea kukaa pembeni ya watu wasiojua wanachofanya hawezi kupiga kelele mteja akikata kona vibaya. Mteja anakuja, anapewa gari, anaendesha hadi barabara ya nje ya mji na kurudi, na Mwalimu yuko kando yake anaeleza. Hapa unapasha kiti joto. Hapa kinakukanda mgongo. Hapa taa za ndani zinabadilika rangi. Gari halina tone la mafuta, lakini kila mmoja akishika usukani lazima aulize, "Nikanyage mafuta?" Wiki za mwanzo hilo lilimchekesha. Baadaye hakikubaki cha kumchekesha.

Maana watu wakiingia kwenye gari lisilo lao husahau kwamba wanaonekana. Alishamwona bwana mmoja wa suti akichokonoa pua na kupaka alichokipata chini ya kiti. Alishamwona dada mmoja akivua viatu na kupandisha miguu juu ya dashibodi, huku anauliza kama ngozi ya viti itaendana na mkoba wake. Wengine walikuja kupiga picha tu, leo na gari hili, kesho na lile, wakaondoka bila hata kuaga. Gari likirudi Mwalimu alipita na kitambaa, akifuta jasho la watu, mafuta ya nywele zao na makombo yao. Mumewe, fundi cherehani asiyejua kukasirika, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, hao ni watu tu, kama wale wanaoniletea suruali bila kufua." Mwalimu alijibu kwamba suruali angalau inafuliwa.

Basi asubuhi moja akaingia Mwenye Vigae, tajiri wa vigae vya sakafu. Kila mtu alimjua kwa sura, kwa sababu picha yake ilibandikwa ubavuni mwa malori yake yote, amekunja mikono, amesimama juu ya sakafu inayong'aa kama kioo. Nyuma yake alifuata mama yake, kizee mdogo wa umbo, amevaa gauni la kutokea, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Namnunulia mama gari!" Mwenye Vigae alitangaza, sauti ikafika hadi kwa mlinzi getini. "Nataka kulinganisha yote, moja baada ya jingine. Tumetoka kwa jirani zenu huko, tumeshayajaribu ya kwao. Mama ndiye atakayeamua. Sivyo, mama?"

"Ndiyo, baba," mama yake akajibu.

"Shikamoo, mama," Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akainamisha kichwa, akanong'ona, "Kuna chai hapa? Tumetoka nyumbani mapema."

Mwalimu hajajibu, Mwenye Vigae alishamshika mama yake kiwiko anampeleka kwenye gari jeupe. Alimkalisha nyuma, katikati kabisa. Akatundika simu yake nyuma ya kiti cha mbele, kamera ikamtazama yule mama usoni. Kisha akamkabidhi glasi iliyojaa maji hadi ukingoni.

"Shika hivyo hivyo, mama. Nimeona wenzetu wanafanya. Gari likiwa zuri maji hayatikisiki."

Kwa gari jeupe mambo yalikwenda salama. Aliendesha polepole, akasifia ukimya, akauliza bei ya matairi. Mama alikaa ameikodolea glasi macho kama mtoto aliyepewa adhabu. Waliporudi, Mwenye Vigae akasema gari ni zuri ila limepoa mno. Yeye alikuwa amesikia kwamba lile jeusi linaruka.

Kweli liliruka. Walipofika mahali barabara iko wazi alikandamiza mguu hadi mwisho, na gari likachomoka bila mlio wowote wa kumwonya aliyekaa nyuma. Kichwa cha mama kiligonga mto wa kiti. Maji yote yakammwagikia kifuani.

Mwenye Vigae alicheka mpaka akapiga usukani. "Umeona hiyo? Umeona? Mama, jaza tena, kuna chupa hapo mlangoni. Turudie."

"Bosi, mama amelowa," Mwalimu alisema.

"Maji hayo, hayana doa. Mama, kiti kinakukanda vizuri?"

"Kinanisukuma figo, baba."

Akacheka tena. Akarudia. Magari yale ukiachia mguu tu yanajifunga breki yenyewe, na Mwenye Vigae alikuwa hajalizoea hilo, kwa hiyo alikanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia, na yule mama akawa anakwenda mbele na kurudi nyuma kama nguo kwenye beseni. Mwalimu aligeuka kumtazama. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalikuwa yanatafuta kitu cha kutazama, hayakioni.

"Simamisha gari, bosi."

"Ngoja nimalize hii moja."

"Nimesema simamisha. Mama anaumwa!"

Hakusimamisha. Na hapo nyuma yule mama akafanya jambo ambalo Mwalimu hakulisahau tena. Alifungua mkoba wake mwenyewe, akaukumbatia, akaingiza uso ndani, akatapika humo. Hakutaka kuchafua kiti. Alitapika na kuomba radhi, akatapika na kuomba radhi, na matone machache tu ndiyo yaliyoponyoka yakaangukia ngozi ya kiti.

Mwenye Vigae aliyaona hayo matone. "Mama! Kiti cha watu!" Kisha akanyoosha mkono akazima kamera. "Kipande hicho tutakikata," alisema, akimwambia nani haijulikani.

Waliporudi dukani alishuka ameziba pua. Alimwambia meneja kwamba harufu ile haiwezi, aletewe lile la kijivu amalizie, na mama apumzike popote. Meneja akamtupia Mwalimu kitambaa. "Futa haraka, kuna mteja anasubiri hilo jeusi."

Mwalimu alikiweka kile kitambaa juu ya boneti. Akamshika mama wa watu mkono, akampeleka maliwatoni.

Alikisafisha kila kilichokuwemo mkobani, kimoja kimoja, chini ya bomba: funguo, miwani, kichupa cha dawa za presha, leso, kitana kilichong'oka meno. Ajabu ni kwamba matapishi yale hayakumtia kinyaa hata kidogo. Yalikuwa maji matupu, mtu hajala kitu tangu alfajiri. Kilichomchefua kilikuwa kingine, na hicho hakikuwa na bomba la kukisafishia. Yule mama alisimama ameng'ang'ania sinki, hathubutu kuinua unyayo.

"Usiniachie, mwanangu. Sakafu hii ni kama ya kwangu."

"Ya kwako ikoje, mama?"

"Aliniwekea vigae vyake bafuni, vile vizuri vinavyong'aa. Wageni wanavisifia. Lakini vikipata maji ni kama umekanyaga sabuni. Nimeshaanguka, nikalala pale mpaka jirani akaja. Nikamwomba anifungie chuma ukutani, cha kushika. Basi. Akaniambia, 'Mama, unaomba vitu vidogo vidogo, mimi nitakununulia gari.'" Akajifuta mdomo. "Sasa mwanangu, gari niende nalo wapi? Mimi safari yangu ni kutoka kitandani hadi bafuni."

Mwalimu alimkalisha jikoni kwa wafanyakazi, akampa chai na mkate, akamwachia koti lake. Halafu akaenda kwenye lile gari la kijivu, kwa sababu meneja alikuwa anamwita.

Ndani ya gari Mwenye Vigae alikuwa amejipulizia manukato upya. Mwalimu alishusha kioo. Walipotoka getini alisema, bila kutabasamu, "Bosi, mama yako hahitaji gari. Anaomba chuma cha kushikilia bafuni."

Yule bwana alimtazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema. "Amekwambia hayo? Bafu lile lina vigae vya daraja la kwanza. Nikianza kutoboa kuta naharibu muonekano wote."

"Ataanguka tena."

"Ndiyo maana nanunua gari," akajibu, tena kwa upole, kama anayemfafanulia mtoto. "Akiumia awahishwe hospitali. Hebu nionyeshe hii ya kukanda mgongo inawashwaje."

Mwalimu akamwonyesha. Kidole chake kilibonyeza skrini. Njia nzima aliutazama ule mguu wa Mwenye Vigae, kiatu kinang'aa, soksi ya hariri, unavyokanyaga na kuachia, na akahisi kama amekalishwa karibu na kitu kilichooza ambacho hakiruhusiwi kutajwa.

Akanunua lile la kijivu. Siku ya kukabidhiwa, meneja alilifunga utepe mwekundu mkubwa na kuweka puto mlangoni. Wafanyakazi wote waliambiwa wavae shati jeupe. Mwenye Vigae alifika na kijana wa kupiga video, na mama yake akashuka taratibu, taratibu mno, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi kiwikoni.

Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lililomshangaza Mwalimu: watu wazima wote wale, kila mmoja ameiona plasta, kila mmoja akatazama puto. Mwenye Vigae alichukua shada la maua, akalilaza juu ya mkono ule, akarudi nyuma kidogo akakagua, akalisogeza hadi plasta ikafunikika. "Hapo sawa. Cheka, mama."

Meneja akampa Mwalimu funguo kwenye kisahani. "Mkabidhi mama. Polepole, kamera ipate."

Mwalimu alisogea. Yule mama alijaribu kuupenyeza mkono mmoja mzima chini ya maua ili apokee, na maua yakaanza kuteleza. Mwalimu aliliinua lile shada akaliweka chini, kwenye sakafu.

"Mama, mkono umefanyaje?"

"Nimeanguka, mwanangu. Bafuni, pale pale."

"Kata! Anza upya," Mwenye Vigae alisema. "Maua yarudi."

"Hayarudi," Mwalimu akasema, na sauti ile aliyodhani ilikauka katika shule ya udereva ikatoka yote. "Vigae ni vyako, na mama yako anavunjika juu ya vigae vyako, halafu unamfunika maua kama kaburi! Huoni hata aibu? Mimi nafuta uchafu wa watu hapa kila siku, na sijawahi kuona uchafu kama huu."

"Basi, mwanangu, basi," yule mama alimbembeleza, akimshika shati kwa mkono mzima. Haikujulikana anamtetea mwanawe au anamwonea huruma Mwalimu. Pengine yote mawili.

Meneja alimvuta Mwalimu hadi ofisini, akafunga mlango. "Mteja amenunua gari," alimwambia. "Wewe umenunua nini?" Mwalimu akavua beji, akaiweka mezani. Alipotoka, mwenzake alikuwa ameshakabidhi funguo, maua yamerudi mkononi, na yule mama anacheka kama alivyoagizwa.

Alirudi shule ya udereva, wakampokea. Huko nako watu ni wale wale, jasho ni lile lile, ila hakuna aliyemtaka atabasamu.

Lakini maneno yake hayakubaki mle dukani. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alikuwa amerekodi kila kitu, na haikupita muda mrefu watu wakawa wanaingia kwenye duka la vigae na kuuliza kwa nyuso kavu, "Samahani, mnauza na vyuma vya bafuni?" Wakishauliza wanatoka wanacheka. Mwenye Vigae hakuzoea kuchekwa.

Siku moja mumewe Mwalimu aliacha cherehani, akamsogezea simu. "Njoo umwone rafiki yako."

Alikuwa Mwenye Vigae, amevaa suti, bafuni kwa mama yake, ameshika mashine ya kutoboa ukuta kwa namna ambayo haijawahi kushikwa na mtu anayeitumia. Muziki wa kinanda unapiga chini chini. Kando yake mama amesimamishwa na gauni lile lile la kutokea, pembeni kabisa ya choo, dunia nzima inamtazama, ameshika chuma kipya chenye rangi ya dhahabu. "Zawadi nyingine kwa malkia wangu," Mwenye Vigae alikuwa anasema. "Na kuanzia leo, vyuma hivi vinapatikana katika matawi yetu yote."

Mwalimu alifumba macho. "Mpaka chooni," alisema. "Amempeleka na kamera mpaka chooni."

Kisha akaichukua simu mwenyewe. Akairudisha video nyuma, akaisimamisha, akaikuza picha kwa vidole viwili, na kuutazama ule ukuta: skrubu zilikuwa kubwa, zimekazwa hadi mwisho, kila upande. Akaiachia iendelee. Yule mama alikivuta chuma kile kwa mkono wake mzima, akakiegemea kwa uzito wake wote, na chuma hakikucheza.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka?" mumewe akamuuliza.

"Ndicho," Mwalimu akasema. "Zima sasa. Sura ya huyo bwana siwezi kuiangalia."