Muuza Simu Aonje Kwanza

Siku niliyopanda kilima cha Ngara kurudisha simu naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilipanda nalia na nikashuka nacheka. Nilikuwa msichana wa Nyamiaga, simu zenyewe ndiyo kwanza zinaingia kwetu, na ukiwa nayo watu wanakusalimia mara mbili. Yangu niliichukua kwenye duka la Bwana Gervas, karibu na stendi, kwa kulipa kidogo kidogo. Nyinyi leo mnaziita simu za mkopo mkidhani ni mambo mapya. Hata!

Sasa usinicheke. Simu ile niliitaka kwa sababu ya mtu. Kulikuwa na kijana wa Bisibo, kule Biharamulo, jina lake Faustini. Tulikutana kwenye arusi ya binamu yangu, akanisaidia kubeba sufuria la wali, basi, nikawa nimekwisha. Faustini alikuwa na simu yake, na wiki ile alinipigia kuniuliza neno moja tu: awalete wazee wake kwa baba yangu Jumapili, au asiwalete?

Nikamjibu, "Walete!"

Akasema, "Haloo?"

Nikasema kwa nguvu zaidi, "Walete, Faustini!"

"Haloo? Mbona umenyamaza?"

Mimi namsikia vizuri, hata kuku wao nawasikia, lakini yeye hanisikii. Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka. Mwisho akasema kwa sauti ya unyonge, "Basi, kama hutaki si useme," akakata. Uwii! Nilidhani moyo utanitoka.

Nikamwandikia ujumbe kwamba simu ni mbovu, na kwamba awalete. Akanijibu: simu mpya ya dukani inakuwaje mbovu? Huenda ni kaka zako wanaandika. Neno kama hili sitaki kulisoma, nataka kulisikia kinywani mwako, la sivyo siwasumbui wazee wangu safari ndefu hivyo waje kuaibika.

Nikakimbilia kwa shangazi yangu Veneranda, dada wa baba. Huyu alikuwa akipika pombe ya ndizi na kuiuza, mwanamke mnene, mcheshi, haogopi mtu. Nikamwomba twende kwa jirani yeyote mwenye simu niazime. Akanikemea hapo hapo.

"Uazime simu ya watu ukaseme mambo ya mchumba? Kijiji kizima kitajua kabla ya baba yako! Na hiyo yako unayoilipia ni ya kazi gani, ya kuchezea? Vaa viatu. Na lile boksi lake lilete, na kila kilichokuwa ndani."

Nikasema naona aibu, sijamaliza kulipa. Akanitazama kama aliyeona kichaa.

"Aibu waionee waliouza ububu."

Bwana Gervas alitupokea kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Simu yako haisemi."

Akaigeuza geuza, akaipuliza, akaigonga kiganjani. Kisha akasema, "Huyu binti ameitumbukiza majini. Halafu bado ananilipa. Amalize kwanza, ndipo tuzungumze habari ya ubovu."

"Kwa hiyo akimaliza kulipa ndipo simu itapata sauti?" Shangazi akauliza kwa upole kabisa.

Wateja wakaanza kuguna. Bwana Gervas akaonyesha kibao cha ukutani, nawe bila shaka umekiona katika maduka mengi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Nimekisoma," Shangazi akasema. "Lakini chagua moja, mwanangu. Kama umekwisha kuuza, mbona kikaratasi hiki cha waranti chenye muhuri wako kinasema utatengeneza au utabadilisha ikiwa mbovu ndani ya mwaka? Na kama hujauza mpaka amalize kulipa, basi kibao chako hakimhusu."

Bwana Gervas akakohoa. Akarudi kule kule kwenye maji, eti simu ni nzima, tatizo ni mtumiaji.

Ndipo Shangazi akavuta kigoda akaketi. "Vizuri. Mimi nikiuza pombe, mrija wa kwanza nauvuta mwenyewe mbele ya mteja. Ndivyo tulivyolelewa hapa Ngara, na wewe ni mtu wa hapa. Weka laini yako kwenye hiyo simu, umpigie mtu. Onja kwanza."

Angekataaje? Duka lilikuwa limejaa. Akaweka laini yake, akampigia mkewe, Mama Deo, kumuuliza kilichopikwa mchana. Mwanangu, mama yule alikuwa na sauti ya kuongoza kwaya ya parokia. Tulimsikia sote.

"Haloo? Baba Deo? Haloo?"

"Nipo, mke wangu!"

"Haloo! Umenipigia halafu unanyamaza? Yaani bado umenuna kwa yale ya asubuhi?"

"Sijanuna! Mama Deo, sijanuna!"

"Haya, nuna vizuri. Na chakula ukale huko huko dukani!" Akakata.

Jamani! Tulicheka mpaka mzee mmoja akakaa chini juu ya gunia la chumvi. Bwana Gervas jasho lilimtoka, akachomoa laini mbio mbio, akaitia kwenye simu nyingine mpya na kumbembeleza mkewe mbele yetu wote. Alipomaliza, yeye pia alicheka, mpaka machozi. Lazima niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajaonja tu.

Akanipa simu ile ile aliyombembelezea mkewe. Shangazi hakuinuka mpaka Bwana Gervas alipoandika namba za utambulisho za simu mpya kwenye waranti, akapiga muhuri, na kusema mbele ya watu kwamba nitaendelea kulipa pale pale nilipofikia, bila nyongeza. Nikataka kutoka nje nikapige. Shangazi akanishika mkono. "Hutoki. Jaribia hapa hapa."

Nikapiga.

"Haloo?" Faustini akasema, sauti bado ya unyonge.

"Walete! Nimesema walete tangu juzi!"

Kimya. Nikadhani na hii ni bubu. Kisha nikamsikia anapiga ukelele huko Bisibo, na dukani wakaitikia kwa vigelegele, hadi wapiga debe wa stendi wakaja kuuliza nani anaolewa. Habari ilimfikia baba kabla miguu yangu haijafika Nyamiaga. Shangazi aliyeogopa kijiji kujua ndiye aliyekuwa anaitangaza njiani.

Sasa nisikilize, mwanangu mwenye simu ya mkopo inayojizima. Usikae nayo kwa sababu unadaiwa. Unayelipa kidogo kidogo unastahili kitu kizima sawa na aliyelipa yote. Risiti, boksi na waranti vitunze. Jaribu simu dukani kabla hujatoka. Ikiharibika, irudishe mapema, usiipeleke kwanza kwa fundi wa kichochoroni akaifungue. Lakini usiache kulipa kimya kimya ukidhani umemkomesha muuzaji, nenda useme. Kibao cha ukutani kisikutishe, na wakigoma, mwone afisa biashara wa wilaya. Sema kwa adabu, ila sema. Mimi ningenyamaza siku ile, ningezeeka na simu bubu na bila Faustini, ambaye saa hizi yuko nje anapukuchua mahindi na kuniita kwa makelele kana kwamba bado hanisikii.

Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie. Akupe sauti ya kudai kilicho chako, na upande wa pili akuwekee mtu anayengoja kukusikia.