Simu Kibindoni

Shadya wa Mtawanya si mtu wa kuchekewa akaamini. Muuza dagaa akimwongezea kiganja cha bure, yeye huwanusa kwanza. Kwa hiyo mumewe, Shafii, alipobadilika na simu yake, usidhani jambo hilo lilimpita.

Mwanamume yule alikuwa akilala na simu chini ya mto. Alikuwa akiongea humo ndani mpaka majirani wajue bei ya korosho. Ghafla simu inalala sebuleni juu ya kabati. Ikiita, bwana huyoo, mbio hadi uwazi wa nyuma ya nyumba, waya masikioni, maneno mawili matatu kisha, "Nitumie meseji." Meseji! Mtu mwenyewe anaandika kwa kidole kimoja huku anafuta jasho! Ni mazungumzo gani hayo yasiyosemeka mbele ya mke?

Halafu akaja na kipochi cha ukili, akapigilia msumari karibu na mlango.

"Mke wangu, ukiwa nyumbani simu yako iwe inakaa humu. Na mimi nitaweka yangu."

Sauti ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliomtia Shadya shaka. Mh! Anataka niwe mbali na simu, watu wasinipe habari zake. Aliitikia "haya", kisha akaifutika simu yake kibindoni na kuikaza kanga. Ikawa inashinda hapo, inalala hapo.

Akaenda Likombe kwa Bi Nuru, somo yake, aliyemfunda alipokuwa mwali.

"Mwali wangu," Bi Nuru alisema, "kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamume hafichi simu, anaficha mtu. Na wewe yako usiiache hata kidogo. Ijumaa baada ya sala nitakupigia unieleze."

Shadya alirudi moyo unamuuma, maana naye alikuwa na siri yake. Hakuwa ameona siku zake tangu korosho zilipoanza kudondoka, na hakumwambia mtu. Mimba mbili alikwisha kuzitangaza, na zote mbili zikatoka, ya pili siku chache tu baada ya mawifi kuipigia vigelegele. Tangu hapo aliwaapisha wote nyumbani, Shafii wa kwanza: hakuna kulitamka neno hilo mpaka tumbo lenyewe lionekane. Sasa anayo ya tatu, na baba wa mtoto ana mwanamke mwingine! Aliogopa kuachwa na tumbo, na aliogopa zaidi kuachwa bila hilo tumbo.

Ijumaa Shafii alikwenda msikitini, simu kaiacha kipochini. Shadya akaichukua. Haina hata namba ya siri, mjinga yule! Jina la juu kabisa lilikuwa Husna. "Umefanya vizuri," aliandika huyo Husna. "Endelea hivyo hivyo kimya kimya, Shadya asijue kwamba umeniambia."

Loo! Shafii aliporudi alikuta kitenge kimetandazwa kitandani, nguo zinafungwa.

"Husna ni nani?"

"Mhudumu wa afya kule Madimba, karibu na shamba letu."

"Afya ya nani?"

Shafii akakaa, kofia mkononi. "Nilikuona unakula udongo."

Shadya akaiachia nguo aliyokuwa akiifunga. Vipande vile alikuwa akivificha kwenye kopo la chumvi.

"Nilikuapia sitatamka, na sitamki," Shafii alisema. "Nilimuuliza Husna tu, mimi nifanye nini. Nikamuuliza na habari ya simu, maana watu wanasema mengi. Akaniambia hakuna aliyethibitisha kwamba mawimbi yake yanadhuru mwenye hali hiyo. Ila mwenye hofu ajihadhari, haimgharimu kitu. Isilale kitandani, isikae mwilini, atume meseji badala ya maongezi marefu, atumie waya masikioni. Na mtandao ukisuasua asipige, maana simu inayoutafuta mnara kwa shida ndiyo inayotoa mawimbi makali zaidi. Humu ndani unaujua mtandao wetu. Ndiyo maana nakimbilia nje, mbali nawe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje bila kulitamka?"

Shadya aliutafuta uongo katika uso ule, kwa mazoea. Hakuuona. Alimhurumia mumewe na kujionea haya, vyote kwa pamoja.

"Yangu nimeiweza," Shafii alisema polepole. "Yako ndiyo imenishinda."

Hapo simu ikaita. Ni Bi Nuru, ahadi ni deni. Ilitetemeka kibindoni, chini ya kitovu, pale pale iliposhinda na kulala siku zote hizo. Shadya aliruka kama aliyetambaliwa na tandu. Akaifungua kanga kwa mikono miwili, akaichomoa simu, ina joto la mwili wake, akamsukumia Shafii. Naye akaenda kuitia kipochini.

"Shafii," Shadya alisema, machozi yanamtoka, "mwenzio nina mi—"

Shafii alirudi haraka akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme, mke wangu. Bado halijaonekana."

Kipochini, pale mlangoni, simu ya Bi Nuru iliendelea kuita, na hakuna aliyeipokea.