Liwa ya Bibi

Enzi za Mwingereza, bibi yangu hakuniacha nitoke nyumbani kwetu Mtoni kwenda pwani kuokota kombe wa kula bila kunipaka liwa. Alisugua kijiti cha mti wa liwa kwenye jiwe lenye maji mpaka ikatoka rojo, akanipaka usoni na shingoni, jua la pwani lisiniunguze.

Siku moja binti wa karani, jirani yetu mgeni kutoka bara, aliniona akacheka: "Umekuwa kinyago!" Mie, mpumbavu, nikaiosha liwa yote kwa maji ya bahari, nikainama juani kutwa nzima. Jioni uso uliniwaka moto. Siku ya tatu pua ikaanza kuchunika.

Bibi aliponiuliza, niliogopa kusema kuwa nilinawa. Nikamwambia, "Liwa yako ndiyo imeniunguza."

Hakubisha. Alikitupa kijiti jalalani, na yeye mwenyewe akawa anakwenda pwani bila liwa usoni. Nilimwona, nikaendelea kuokota kombe. Baadaye, mashavu yake yakiwa yamechubuka, alinishika kidevu akasema, "Niwie radhi, mjukuu wangu, nilikuunguza."

Nami, bila haya, nikamjibu, "Nimekusamehe, bibi."